Vita vya Cherehani Mbili

Mwezi uliopita mimi na Salma tulikwenda kuitoa cherehani ya Mama katika ile nyumba yetu ya Southall. Mama ameshazikwa, nyumba imeshapata mnunuzi, na hakuna mtu katika ukoo wetu anayehitaji cherehani ya kiwandani yenye uzito wa mbuzi aliyenona. Tulipokiinua kichwa chake kukitenga na meza, tulikuta mafuta bado yapo kwenye beseni la chini, meusi, mazito, yamechanganyika na vumbi la nyuzi. Harufu ikanipanda puani. Nimepika melini, nimepakia mizigo maghala ya Hayes, nimeuza viatu vya mtumba, nimelala katika miji ambayo majina yake siwezi kuyaandika sawasawa, na popote nilipopita penye mashine nilisimama kidogo kunusa, bila kujua nanusa nini. Siku ile nilijua.

Nyinyi wa rika langu mliokuja kama sisi mnayakumbuka yale makoti. Fundi wetu wa Mombasa hakuwahi kuona baridi maishani mwake, akatushonea makoti kwa kukisia, na alikisia vibaya. Tulifika London tunatetemeka ndani ya nguo nzuri sana. Sisi ni Wahindi wa Kikachi, lakini ndani ya nyumba tulisema Kiswahili, kwa sababu ndicho alichotulelea Bi Mkubwa, bibi yake Baba. Bi Mkubwa ndiye aliyemlea pia Ami Yusufu, baba yake Salma. Baba na Ami walikuwa watoto wa mtu na nduguye, wamekula sahani moja tangu wakitambaa, na walipofika Southall hawakufikiria hata kidogo kutafuta nyumba mbili. Sisi tulikaa chini, wao wakakaa juu, jiko likawa moja. Mimi na Salma tulilala kitanda kimoja, miguu yake baridi mgongoni mwangu.

Kitu kimoja nilikielewa visivyo tangu mwanzo, na sijui kama kilimpata mtoto mwingine isipokuwa sisi. Mombasa, shuleni, historia ilikuwa ni ya Uingereza: wafalme wake, viwanda vyake, vita vyake. Ilikuwa habari ya mbali, ya mahali, kama vile jiografia. Kwa hiyo nilipofika mahali penyewe nilidhani nimeingia ndani ya ile habari. Hakuna aliyeniambia kwamba yale mambo yalikwisha. Na macho yangu yaliniunga mkono: kitabuni palikuwa na nyumba za matofali zilizoshikana mabega, na dirishani kwetu zilikuwepo. Kitabuni palikuwa na bomba la kiwanda linatoa moshi, na nyuma ya shule yetu lilikuwepo.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa mama mrefu kutoka Wales, mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Alifundisha kwa mishale. Aliandika neno ubaoni, akachora mshale, akatutazama, halafu akaandika neno la pili, kana kwamba lilikuwa linasubiri ndani ya chaki. Mashine. Mshale. Viwanda. Mshale. Watoto kazini. Akatuonyesha picha ya msichana anatambaa chini ya mtambo wa kusokota pamba, akiokota masalio huku mtambo unakwenda juu ya kichwa chake.

Nikainua mkono. "Misi, na sisi tuna mashine."

"Na wewe unafanya nini kwenye hiyo mashine?"

"Nakaa chini ya meza, nageuza kola."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza kama napata muda wa kusoma, nikamwambia ndiyo, nasoma huko huko chini ya meza, kuna joto. Na ilikuwa kweli. Mama alianza kushona nyumbani mara tu tulipofika. Mzungu mmoja mwenye vani, tuliyembandika jina la Bwana Kola, alileta mafurushi ya vitambaa vilivyokatwa, akachukua blauzi zilizokwisha. Cherehani ilikaa sebuleni, na chini ya meza yake, kando ya mota iliyotoa joto kama paka, mimi na Salma tulikuwa na mahali petu. Tulizipindua kola, tukazichokoa ncha kwa sindano butu ya kufumia, tukakata nyuzi zilizoning'inia. Nyumba yote ilitetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na unga wa chapati ulikuwa na nyuzi za buluu. Nilipoitazama ile picha ya msichana wa pamba niliona wivu kidogo. Ana nafasi kubwa, nilifikiri, na hana Salma wa kumkanyaga.

Kisha mwalimu akasema wengine walipoteza vidole. Siku ile nilirudi nyumbani nikavaa subana zote za Mama, vile vikofia vya chuma vya kukinga vidole, nikaingia chini ya meza nikilia kama kengele kila ninapopeleka mkono.

"Wewe mwana, una wazimu?" Mama aliinama kunitazama. "Subana zote hizo za nini?"

"Misi amesema vidole vinakatika."

"Vikikatika nitavishona. Geuza kola."

Sasa ikaja mishale mingine. Viwanda vikizaa mali nyingi, alisema mwalimu, kila nchi inatafuta pa kuuzia. Mshale. Mashindano. Huyu akiunda manowari, na yule anaunda yake, kubwa zaidi. Jumatatu alitufundisha hilo, na Jumatano Mama Mdogo Zubeda, mke wa Ami, aliletewa cherehani yake. Niliwaona wanaume wawili wanaipandisha ngazi huku wanatukana kwa Kiingereza, nikajua manowari ya pili imefika.

Simlaumu Mama Mdogo. Alikuwa mshonaji mzuri kuliko Mama, na alichoka kumpitishia Mama vitambaa. Lakini cherehani yake ilikuwa na taa yake yenyewe. Mama akanunua taa. Mama Mdogo akapata kiti kinachozunguka. Mama akampata fundi wa kumbadilishia mota, na vikombe vikaanza kuanguka. Bwana Kola, mjanja yule, akawa anasimama katikati ya ngazi na furushi mkononi, anauliza kwa sauti ya upole nani atamaliza kwanza. Mimi nikawa wa chini na Salma akawa wa juu. Tulikatazwa kusaidiana. Niligeuza kola peke yangu, na mahali petu pakawa papana, pabaya.

Jikoni zikatokea buli mbili za chai. Chupa za maziwa zikafungwa uzi shingoni, mwekundu wa kwetu, wa buluu wa kwao. Baba alifanya kazi usiku katika kiwanda cha mikate na kulala mchana, na juu ya kitanda chake ndipo cherehani ya Mama Mdogo iliponguruma. Alikuwa mtu mpole, anarudi asubuhi ana unga masikioni, lakini mtu asiyelala ni mtu mwingine.

Nilimwuliza mwalimu, baada ya mashindano kuna nini? Akafurahi sana kuulizwa. Akatueleza kwamba wale wafalme waliopigana katika vita vikubwa walikuwa ndugu, na wawili kati yao bibi yao alikuwa mmoja. Alipokuwa hai walikuja kumbusu mkono. Wako watu, alisema, walioamini kwamba yule bibi angeishi, wajukuu wake wasingethubutu. Halafu akatusimulia ile cheche: mrithi wa ufalme mmoja, ndani ya gari, katika mji wa ugenini. Dereva akapotea njia, akasimama ili arudi nyuma, na pale pale aliposimama alikuwepo kijana mwenye bastola. Mshale. Vita.

Jioni ile ile, cherehani zote mbili zikiwa katika mbio, nyumba ilitoa mlio mmoja na giza likaingia. Fyuzi imeungua.

"Nani amewasha ya chini?" Ami Yusufu aliita kutoka ngazini.

"Muulize aliyewasha ya juu," Baba alijibu. Alikuwa na blangeti mabegani.

"Kaka, na mke wangu ana haki ya kufanya kazi."

"Nani amemzuia? Nataka kulala tu. Kitanda changu kinatembea, Yusufu. Nalala dirishani, naamka mlangoni."

Mtu mmoja kati yetu alicheka, nadhani Mama, na pengine mambo yangeishia pale. Lakini Ami alidhani anachekwa yeye.

"Basi mtalala vizuri," alisema. "Sisi tunahamia Leicester."

Mkono wa Salma ulinitafuta gizani ukanipata. Baadaye, kitandani, akaniuliza, "Tukienda, nitaweka wapi miguu?"

"Hamwendi bado," nikamwambia, maana niliyajua mambo haya kuliko yeye. "Kwanza lazima Bi Mkubwa auawe."

Salma akaangua kilio. Ndipo nami nikatambua nilichokisema, kwa kuwa siku chache nyuma ilikuwa imekuja habari kwamba Bi Mkubwa, tuliyemwacha Mombasa, anakuja kuishi nasi. Baba na Ami, kila mmoja kwa mkono wake, walikuwa wamemwandikia kwamba nyumba ni salama na sote tu wamoja. Bibi mmoja. Wajukuu wawili. Gari. Mji wa ugenini. Nilihisi baridi ambayo hata fundi wa Mombasa asingeweza kuikisia. Tulikubaliana, mimi na Salma, tukiwa tumefunika vichwa, kwamba Bi Mkubwa asipokufa vita havitaanza, na vita visipoanza hakuna wa kwenda Leicester. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja tu.

Tuliomba, tulilia, tuligoma kula, mpaka tukachukuliwa uwanja wa ndege. Bi Mkubwa alitokea mlangoni amevaa buibui juu ya sweta juu ya sweta, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekumbatia kitu kikubwa cha mviringo kilichofungwa kwa kanga. Ilikuwa sinia yake ya shaba, ile tuliyokuwa tukilia wali sote. Walitaka kuitia kwenye mizigo akawakatalia, akasafiri nayo mapajani Afrika nzima na Ulaya nzima.

Ami aliendesha gari la kuazima, Baba akakaa mbele kando yake. Walisemezana kwa adabu kubwa, kama watu waliokutana kwa daktari. Bi Mkubwa aliketi nyuma katikati yetu.

"Bi Mkubwa, inama kidogo," nikamwambia.

"Niiname kwa nini?"

"Kuna baridi."

"Na sinia yangu mbona unaiweka dirishani? Hebu niache niione Ulaya, mwanangu. Nimepita juu yake yote sikuona ila mawingu."

Tulipoingia Hayes ndipo Baba aliposema, "Hapa kata kulia."

"Njia hii naipita kila siku," alisema Ami, ambaye alifanya kazi kwenye maghala ya huko.

"Unaipita kwa basi."

"Kaka, naendesha mimi."

Tukanyoosha. Nyumba zikaisha, pakaanza kuta ndefu za maghala, na mwisho wa barabara palikuwa na lango la chuma lililofungwa. Ami akasimama. Akalitia gari gia ya nyuma, likakoroma kama Baba siku za zamani, na mimi nikageuka nikamwona. Kijana. Amesimama kwenye kona, mkono ndani ya koti, anatutazama. Mkono ukaanza kutoka.

"Risasi!" nikapiga ukelele, nikamrukia Bi Mkubwa. Salma akamrukia kutoka upande wa pili. Sinia ikaruka ikagonga paa la gari kwa mlio ambao hadi leo nausikia, na Ami, aliyeamini kweli amepigwa risasi, akaachia miguu yote na gari likazima.

Kule nje yule kijana alikuwa ametoa mkate wenye nyama ndani yake, akaung'ata, akaendelea kutushangaa.

Kutoka chini yetu ikaja sauti nyembamba. "Nimekufa?"

"Bado," alisema Salma.

"Basi niondokeeni kifuani."

Nilikuwa nalia sana hata nikashindwa kusema kwa mpango, lakini nilisema. Nilimweleza kwamba vita vinakuja, na kwamba vinaanzia kwenye mashine. Kwamba ya Mama ilikuja kwanza, ikaja ya Mama Mdogo yenye taa, ikaja taa, kikaja kiti, ikaja mota. Kwamba maziwa yamefungwa nyuzi na buli ni mbili. Kwamba mimi ni wa chini na Salma ni wa juu. Kwamba fyuzi iliungua, Ami anahamia Leicester, kimebaki yeye kupigwa risasi tu, na dereva ameshapotea njia.

Baba alikuwa anatazama kioo cha mbele. Shingo ya Ami ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. Walikuwa wanaume wazima wenye masharubu, na walikaa vile kama watoto waliovunja kitu. Nilisubiri Bi Mkubwa awagombeze. Nilitamani awagombeze. Yeye aliokota sinia, akaipitisha kidole ukingoni palipobonyea, akaifuta kwa kanga.

"Mie nina njaa," alisema. "Chakula kiko kwa nani?"

Swali lile lilikuwa dogo na halikuwa na mlango wa kutokea. Juu, Mama Mdogo alikuwa amepika biriani. Chini, Mama alikuwa amepika pilau. Ningeweza kumwambia, lakini hata mimi nilijua kwamba si mimi niliyeulizwa.

"Nimeuliza. Twende tukale kwa nani?"

Ami aliweka mikono yote miwili kwenye usukani. Akamtazama Baba, mara ya kwanza siku ile. Ni Baba aliyesema, taratibu, "Nyumbani, Bibi."

"Haya. Washa gari, Yusufu. Na huyu akikwambia kata kulia, kata."

Ningependa kuwaambia kwamba walikumbatiana, lakini hawakuwa watu wa namna hiyo. Kilichotokea ni jambo la chumba. Nyumba haikuwa na pa kumlaza Bi Mkubwa ila kile chumba cha juu chenye cherehani ya Mama Mdogo, kwa hiyo cherehani ikashuka ngazi, kwa matusi yale yale, ikawekwa sebuleni uso kwa uso na ya Mama. Na kwa kuwa zikiwaka pamoja fyuzi iliungua, ilibidi moja inyamaze nyingine ikishona. Basi Mama akishona, Mama Mdogo anamkatia nyuzi na kumgeuzia kola, kisha wanabadilishana. Walinuniana wiki ya kwanza. Ya pili nikawasikia wanamsengenya Bwana Kola. Baba alilala. Uzi wa buluu niliukuta kwenye chupa ya maziwa kwa muda mrefu bado, lakini ni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuufungua.

Mimi na Salma tukawa hatuna kazi. Amani ilitufukuza kazi. Chini ya meza palikuwa petu tena, lakini hatukuwa na kola za kugeuza, tukawa tunakaa tu tunasikiliza miguu ya mama zetu ikipokezana kanyagio.

Mwalimu alimaliza vita vyake muda si mrefu. Somo la mwisho alifuta ubao wote, akauliza nini kingeweza kuvizuia. Wengine walisema manowari zipunguzwe, wengine wakasema wafalme waondolewe. Nikainua mkono nikasema, "Misi, bibi yao angekuja kukaa nao, na nyumba ikawa ndogo."

Walicheka tena. Mwalimu aliandika ubaoni neno moja, *nafasi*, akaliwekea alama ya kuuliza. Hakuchora mshale. Niliacha shule kabla ya kufika mbali, miguu iliniwasha, na tangu hapo nimesoma kila nilichokiokota, kuanzia magazeti ya kufungia samaki. Bado sijapata aliyelijibu lile neno vizuri.

Ami Yusufu alihamia Leicester hatimaye, miaka mingi baadaye, Bi Mkubwa alipokuwa ameshatuacha kitandani mwake, kwa uzee wake mwenyewe. Alihama kwa kazi, na Baba ndiye aliyembebea makabati.

Haya yote nilikuwa nayafikiria nimesimama pale sebuleni, mafuta mikononi, sina msaada kwa mtu. Salma alikuwa ameshapiga magoti, na magoti yake siku hizi si mazuri, akaingia chini ya meza kufungua skrubu. Nikasikia anahema, halafu akatoa kichwa, nyuzi za kale zimemganda kwenye mvi.

"Bi Maswali," akaniita, jina alilonipa baba yake. "Mbona umesimama? Njoo, sogea hapa. Miguu yangu ina baridi."